Mlio wa Pikipiki ya Nesi

Handeni,
4 Machi 1973

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Baba, na shikamoo ya Mama umfikishie bila kuipunguza. Mimi sijambo, ila jua la huku ni kali na mahindi ya watu yameanza kukunja majani. Kifua chako kimepoa? Ile dawa niliyompa Mdoe kondakta akuletee unywe kijiko asubuhi na jioni, si siku ile unayokumbuka.

Baba, nina jambo la kukuuliza kwa sababu wewe ndiye unayejua injini. Zahanati yangu inahudumia vijiji vitatu vya ujamaa, na cha mbali kabisa, Kwemlonge, ni maili kumi na nne. Baiskeli ya serikali haifai katika mchanga huu. Naisukuma kuliko ninavyoipanda. Sasa Tanga kuna duka linauza pikipiki ndogo, mpya kabisa, hazijakaliwa na mtu. Bei ni shilingi elfu mbili na mia tatu.

Akiba yangu ya miaka mitatu inafika hapo. Najua nilikuahidi kwamba pesa hizo ni za mabati ya nyumba yenu, na ndiyo maana nakuuliza kabla sijafanya lolote. Je, pikipiki inafaa kwa bei hiyo, au haifai?

Nasubiri jibu lako. Msalimie kila anayeniulizia hapo Manundu.

Mwanao,
Grasiana


Manundu, Korogwe,
13 Machi 1973

Mwanangu Grasiana,

Milele amina. Marahaba. Sisi huku tunapumua. Kifua kilikuwa kimepoa, kimeanza tena niliposoma barua yako.

Elfu mbili na mia tatu! Nilimsomea mama yako, naye akauliza kama hiyo pikipiki inakamuliwa maziwa. Mwanangu, mimi nimepaka girisi gari moshi dogo la shamba la mkonge kwa miaka ishirini na miwili. Injini naijua kuliko ninavyowajua shemeji zangu, na nakuambia injini haishibi. Leo petroli, kesho oili, keshokutwa plagi, na plagi huko Handeni utaipata wapi? Ikikufia njiani utampelekea nani, fundi cherehani? Pikipiki haisukumwi kama baiskeli, ina uzito wa ndama. Halafu wewe ni mwanamke, umevaa gauni jeupe la kazi, umepanda kiume mbele ya wazee wa Kizigua. Watu hao nimeishi nao. Ni wapole sana, lakini wakishasema, wamesema.

Unaniambia mchanga. Mchanga ulikuwepo kabla hujaenda. Nesi aliyekutangulia alikwenda kwa miguu, na watoto walizaliwa.

Habari ya mabati sikutaka kuigusa, ila umeigusa mwenyewe. Tangu nipunguzwe kazi na kutolewa kwenye nyumba za kambi, tunalala chini ya nyasi. Juzi mvua ya kwanza ilinyesha, mama yako akahamisha kitanda mara tatu, mara ya tatu akakiweka jikoni, na mimi nikalala nikitazamana na sufuria. Sikukuomba mabati, uliahidi kwa mdomo wako mbele ya padri.

Umeniuliza kama inafaa. Haifai. Nunua tairi mpya za baiskeli, nunua mabati, kinachobaki kiweke posta. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe unataka kulinunua hilo guu kwa pesa taslimu.

Baba yako,
Mikaeli


Handeni,
30 Machi 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hasira hazijakizidishia kifua. Mimi ni mzima, na kumenyesha kidogo.

Nimecheka habari ya maziwa, mwambie Mama. Lakini hukutania mahali pazuri, Baba. Nesi aliyenitangulia alikwenda kwa miguu na watoto walizaliwa, kweli. Wasiozaliwa hakuna aliyekuandikia barua.

Sikutaka kukuambia hili. Januari waliniita Kwemlonge alfajiri, mwanamke anatoka damu. Nilipanda baiskeli, nikashuka, nikaisukuma, nikapanda, nikashuka, saa nne nzima. Nilifika wakati wanamwosha. Alikuwa mdogo kuliko mimi. Mama mkwe wake akanipa kiti, akaniambia, "Pole kwa safari, Nesi." Yeye ndiye aliyeniambia mimi pole! Tangu siku hiyo siwezi kuiona baiskeli hiyo bila kutaka kuitupa kisimani.

Mabati nitanunua, Baba. Nitaanza upya kuweka. Nyasi zinavuja, najua, na usiku mvua ikinyesha hapa nawakumbuka ninyi. Lakini nyasi hazitoki damu. Naomba unikubalie.

Mwanao,
Grasiana


Manundu,
9 Aprili 1973

Grasiana,

Salamu. Wazima.

Jana Mdoe kondakta alisimamisha basi mbele ya nyumba yangu, abiria wote wakiangalia, akapiga kelele, "Mzee Mikaeli, hongera! Binti yako anaendesha kama askari!" Nikamwuliza anaendesha nini. Akasema pikipiki, nyekundu, yeye mwenyewe aliipakia juu ya basi kutoka Tanga, wiki ya mwisho ya Februari.

Barua yako ni ya tarehe nne Machi.

Yaani uliniuliza ninaonaje, nayo iko uani kwako imefunikwa kanga! Nikakaa chini, na miwani yangu ya kamba, nikakuandikia habari za plagi na oili ukurasa mzima, na wewe ukausoma umeikalia. Hukuwa unauliza. Ulikuwa unanishika mkono nisianguke.

Maji yakimwagika hayazoleki. Endesha. Ila usiniandikie tena habari za pikipiki. Mama yako anakusalimu. Mimi nimekasirika.

Mikaeli


Handeni,
8 Julai 1973

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ya kuomba msamaha. Mdoe ananiambia hujambo na kwamba ukisikia jina langu unajifanya unatafuta kitu mfukoni. Nilikosea, Baba. Niliogopa kwamba ukisema hapana nitakusikia, ndiyo maana nikanunua kwanza. Hilo ndilo kosa lenyewe, sina la kujitetea.

Umenikataza kuandika habari za pikipiki, lakini sina mwingine wa kumwambia.

Zamani, nilipokuwa nasukuma baiskeli, nilikuwa naitwa kuzalisha mara tano au sita kwa mwezi. Tangu nianze kupanda pikipiki, Aprili niliitwa mara mbili, Mei mara moja, Juni sikuitwa kabisa. Nikadhani wamechukia kuona nimepanda kiume, kama ulivyosema. Sivyo. Bibi Zamda, mkunga mzee wa Kwemlonge, ndiye aliyenifungua macho. Huku uchungu wa mwanamke ni siri. Akishikwa, hawaambiwi majirani, hata mume hupewa habari baadaye, kwa kuwa mwenye kijicho akiijua saa yenyewe anaweza kumfunga mtoto asitoke. Zamani kila mtu alikaa kwake porini, mkunga akapita njia ya nyuma, basi. Sasa wamehamishiwa kijijini na nyumba zimepangwa kwa mistari, mlango unatazamana na mlango. Halafu naja mimi na injini yangu inayosikika tangu mtoni, nasimama mbele ya nyumba ya mtu. "Mwanangu," Bibi Zamda aliniambia, "unakuja na mbiu ya mgambo."

Wiki iliyopita Hajira wa mstari wa pili alishikwa siku mbili. Mtoto alilala vibaya. Mimi nilikuwa kijiji cha pili, maili tatu tu, nakunywa chai. Hawakuniita. Ningekuwa bado na baiskeli wangeniita, Baba. Mtoto alikufa. Nilipokwenda kumpa pole Hajira aligeukia ukutani.

Nimechukua mabati yenu nikanunua kitu kinachonifungia milango ya wagonjwa. Sijui nifanye nini.

Mwanao,
Grasiana


Manundu,
19 Julai 1973

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Tumepata barua yako. Mama yako amemwombea yule mtoto na mama yake kanisani. Nami nimeomba, ingawa nilikuwa bado nimekununia.

Ungekuwa karibu ningekuchapa bakora kwanza, kisha tukalia wote. Sasa uko mbali, basi nilie peke yangu na bakora ibaki mlangoni.

Mama yako anasema hata sisi kambini wanawake walificha. Ulipozaliwa wewe, nilikuwa kazini napaka girisi, na kila mwanamke niliyekutana naye asubuhi ile aliniambia mke wangu amekwenda kuteka maji. Maji gani ya kutwa nzima! Jioni nikakukuta umefunikwa. Miaka ishirini na sita nimedhani ilikuwa bahati mbaya tu kwamba sikuambiwa. Kumbe nilifichwa kwa makusudi, na leo mama yako anacheka.

Sasa sikiliza. Bomba la moshi usilizibe kwa matambara, nakujua, utalichoma na injini itakufa. Zima injini nusu maili kabla ya kufika, uisukume taratibu. Au iache ofisi ya TANU, umalize kwa miguu. Mnyororo uupake oili kila Jumamosi. Sijakusamehe, ila mnyororo hauna kosa.

Baba yako,
Mikaeli


Handeni,
12 Agosti 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ahsante kwa barua. Nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilizima nusu maili kabla nikaanza kusukuma kwenye mchanga. Baba, ni kweli ina uzito wa ndama, tena ndama asiyetaka kwenda. Watu wakaniona natoka jasho. Wakatoka majumbani, "Pole, Nesi! Imeharibika, Nesi?" Mwenyekiti wa kijiji akaja mwenyewe, akakunja suruali, akasukuma kwa nyuma, na balozi wa nyumba kumi akashika usukani. Wakanifikisha kwa heshima zote mpaka mlango ule ule niliotaka kuuficha, kijiji kizima kikitufuata. Mgonjwa alipotusikia alitoroka kwa dirisha la uani, na tumbo lake, akaenda kuzalia kwa dada yake.

Siku nyingine nikaiacha ofisi ya TANU. Ikawa vibaya zaidi. Watu wanaiona imesimama pale, wanaanza kuhesabu wenye mimba kwa vidole.

Nimechoka. Nimechoka na mchanga, na siri, na pole za watu. Katibu wa ushirika anataka kuinunua kwa elfu moja na mia tano. Nitampa mwisho wa mwezi. Nitarudia baiskeli, na pesa hizo nitakuja nazo Manundu nikununulie mabati, tumalize. Ulisema haifai. Haifai, Baba. Umeshinda.

Mwanao,
Grasiana


Manundu,
20 Agosti 1973

Grasiana,

Salamu baadaye. USIUZE.

Elfu moja na mia tano! Mwambie huyo katibu akanunue kuku. Kitu cha miezi sita, mnyororo wake umepakwa oili kila Jumamosi, unampa kwa bei ya chuma chakavu? Nimekulea nikakusomesha, hesabu uliiacha wapi?

Nimekaa siku mbili nikifikiri, mama yako ni shahidi, hata chakula nimekula kikiwa baridi. Unakumbuka korona ya shambani, mashine ile ya kuparua mkonge? Mngurumo wake uliweza kukutoa jino. Wageni walipofika kambini, wiki ya kwanza walitembea wameziba masikio. Mwezi wa pili walikuwa wanasinzia chini yake. Lakini siku ilipokatika mkanda mchana, ikanyamaza, kambi nzima ilitoka nje kuuliza kuna nini. Mlio wa kila siku hausikiki, mwanangu. Wewe unasikika kwa sababu unakwenda ukiitwa tu.

Basi uendeshe kila siku. Mgonjwa awepo, asiwepo. Asubuhi, mchana, siku nyingine mara mbili. Pita Kwemlonge mstari wa kwanza, rudi mstari wa tatu. Simama kila siku mlango mwingine, omba maji ya kunywa, kaa kidogo, toka. Simama kwa bikizee asiyezaa, simama kwa mwenyekiti. Waache wachoke nawe.

Petroli itateketea bure. Naandika maneno haya kwa hasira, mimi niliyekuwa nakuzimia kibatari ukisoma ili kuokoa mafuta ya taa. Nakuamuru uchome petroli kwa kuzunguka na kunywa maji! Mungu anisamehe.

Mdoe atakushushia debe moja la petroli, lipokee wewe mwenyewe na usiliweke karibu na jiko. Usiulize nimelinunua kwa pesa gani. Au basi, nitakuambia, utaambiwa tu na Mdoe. Nilikuwa nimeanza kununua mabati mwenyewe, moja moja, nikiyaficha chini ya kitanda, ili siku ukija uyakute juu uone aibu. Yalikuwa yamefika manane. Nimeyauza.

Mama yako anakusalimu. Endesha.

Baba yako,
Mikaeli


Handeni,
2 Juni 1974

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo kwenu wote wawili. Nisamehe kwa ukimya. Kadi ya Krismasi si barua, najua. Masika imewapiga tena chini ya nyasi, na najua ni kwa ajili ya nani. Kifua kikisumbua usinifiche.

Nilizunguka, Baba, kama ulivyoniamuru. Wiki za kwanza walitoka kunitazama. Mwezi wa pili walitazama wakiwa wamekaa. Mwezi wa tatu mbwa tu ndio waliohangaika. Nimekunywa maji ya kila mtungi wa Kwemlonge, naujua wenye tope na wenye ubani. Novemba Bibi Zamda aliniletea ujumbe kwamba nikachukue kuku wangu, nami sina kuku. Nilikwenda, nikazalisha, watu wakadhani nimekunywa maji. Tangu hapo nikawa naitwa kila wiki.

Halafu petroli ikaadimika, kama huko kwenu. Tangu Februari hatupati ila kwa kibali, galoni mbili kwa mwezi. Karani anauliza, "Safari ya nini?" Nitaandika safari ya kunywa maji? Basi pikipiki ikawa inalala siku kumi, inaamka siku ya kuitwa tu. Yaani nimerudi pale pale! Nilikuwa na hasira nikashindwa hata kukuandikia, nikaona tumechoma mabati yako bure.

Alhamisi iliyopita nikaletewa habari ya kuku. Nilikuwa sijapita Kwemlonge siku kumi na mbili. Nilipokaribia nikausikia mlio wangu mwenyewe, nikataka kulia. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nyumba ya kwanza, mwanamke katoka na bakuli, "Nesi, karibu maji." Nikamwambia baadaye. Akashika usukani. "Karibu maji, Nesi." Nikashuka nikanywa haraka. Nyumba ya pili, mwingine na bakuli. Nyumba ya tatu, hivyo hivyo, na huyo alitaka niingie ndani kabisa, akafunga mlango. Baba, mtu anapambana na uchungu mbele, na mimi hapa nanyweshwa maji kama ng'ombe wa mnada! Nilitoka nje nikiwa tayari kuwafokea. Ndipo nikaona moshi. Kila jiko la mstari ule lilikuwa linawaka, saa ambayo hakuna anayepika, na kila jiko lina chungu cha maji ya moto. Bibi Zamda akapita na mzigo wa kuni, akasema bila kusimama, "Kunywa, mwanangu. Kunywa kwa wote."

Nikanywa kwa wote. Katika nyumba moja mkeka ulikuwa umetandikwa, nikabaki hapo mpaka jua linakaribia kuzama. Ni mtoto wa kike, alilia mara moja tu, na mara hiyo hiyo wanawake wa nje wakaanza kutwanga na kuitana kwa sauti. Nilitokea uani kwa njia ya nyuma. Pikipiki sikuikuta nilipoiacha. Walikuwa wanaisukuma kimya kimya kutoka mlango hadi mlango muda wote nilipokuwa ndani, na sasa ilikuwa imeegeshwa mbele ya nyumba ya tisa, nyumba ya mjane.

Nilikaa juu yake nikalia mbele ya watu, sikuona haya. Nikamwuliza mwanamke wa nyumba ya kwanza walijuaje ni nani wa kumfunika. Akaniambia hakuna aliyejua. Walisikia mlio tu, wakajua mmoja wao ameshikwa, kila mtu akawasha moto wake.

Mpaka leo hawajui ni nani. Na wewe Baba sikutajii.

Mwanao,
Grasiana